Kuombewa Macho Mazima

Kuna watu ukiwapa siri umeipeleka redioni, na kuna watu ukiwapa siri umeizika. Mama Mkasi alikuwa wa kundi la pili, na hilo ndilo lililomponza. Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Alicheka vizuri, aliimba sauti ya pili kwenye benchi lake kanisani, na utani ukivuka mpaka alikuambia palepale. Ila jambo la kumuumiza yeye mwenyewe alilimeza kama kidonge kichungu, bila hata maji ya kusindikizia.

Jina alilipata kazini. Kina mama wa kanisa lao walikuwa na chumba cha ushonaji nyuma ya jengo la ibada: chumba kirefu chenye dirisha moja la maana, cherehani zilizopangwa ukutani, pasi nzito iliyounguza vidole vya kila mgeni, na katikati meza kubwa ya kukatia. Wengine walishona. Yeye alikata. Wasioijua kazi hii hudhani ufundi wote uko kwenye cherehani. Ukikosea kushona, unafumua unaanza upya. Ukikosea kukata, umekosea. Lia, funga, ita majirani, kitambaa hakirudi. Kwa hiyo mkasi wa meza ile, mkubwa, wenye mpini uliozungushiwa kitambaa usimchubue kidole, ulishikwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo akaitwa kwa jina la mkasi wake. Hakuna nguo aliyoikata iliyowahi kurudishwa. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, na kama kujivuna ni dhambi, basi alikuwa nayo hiyo moja.

Kukaa kimya alijifunza alipofiwa na mume. Mawifi walieneza kwamba alimchelewesha mgonjwa kupelekwa hospitali kwa sababu alikuwa amemchoka. Kumbe mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekataa katakata, na mke alimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Angeweza kusema. Hakusema, maana marehemu hajibu, na hakutaka mama mkwe amzike mwanawe kisha azike na sifa zake. Alipiga magoti tu, akamwambia Bwana kesi ni Yako. Baadaye mama mkwe alikuja mwenyewe. Alikuwa amezungumza na rafiki wa marehemu, yule aliyeitwa kumshawishi mgonjwa naye akashindwa, na sasa bibi wa watu alitaka kuomba radhi. Walilia pamoja. Tangu hapo Mama Mkasi aliamini kwamba anayenyamaza mbele za Mungu, Mungu humsemea. Sisemi aliamini vibaya. Nasema jambo likimfaa binadamu mara moja hulifanya kanuni, kisha humshangaa Mungu asipoifuata.

Sasa mtu wa namna hii asipokuwa na rafiki msemaji atakuwa na nani? Rafiki yake waliyemwita Chiriku aliongea akishona, akila, akiwa na pini mdomoni. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, na alifika pale akiwa amefukuzwa kiwanda cha mapazia kwa kuharibu mzigo mzima wa kitambaa. Kina mama walisita kumpokea. Mama Mkasi ndiye aliyesimama mbele ya mwenyekiti wao akasema, mpokeeni, nitamwangalia mimi. Basi wakawa chanda na pete. Walikula bakuli moja saa ya mapumziko, na kabla ya kurudi kazini walishikana mikono wakaomba. Chiriku ndiye aliyeomba kwa niaba ya wote wawili, kwa kirefu, mpaka Mungu akakosa nafasi ya kuchangia. Mama Mkasi alimpenda. Niseme wazi, alimpenda kuliko alivyowapenda ndugu zake wengi.

Kisha yakaja majoho ya kwaya. Waumini walichangishana, kikanunuliwa kitambaa cha mahameli nyekundu, kizito, cha kumfanya hata mwimbaji wa pembeni aonekane mtu mashuhuri. Mahameli ina vinyoya, na vinyoya vyake hulala upande mmoja. Papasa kwenda chini, mkono unateleza. Papasa kurudi juu, vinasimama. Jicho nalo huona tofauti: upande huu rangi imeiva, upande ule imepauka. Ndiyo maana karatasi za vipimo lazima zote zielekee upande mmoja, kichwa kwa kichwa, hata kama vipande vingi vitapotea. Kwenye pamba hakuna taabu hiyo. Pamba unaweka karatasi moja wima na nyingine miguu juu, zinabanana, na unaokoa kitambaa.

Mama Mkasi alikuwa ameshazibandika karatasi kwa pini, zote zikitazama upande mmoja, alipopata habari kwamba binti yake amejifungua kwa upasuaji katika mji mwingine. Aliweka mkasi chini akaenda. Nyuma Chiriku akaitazama ile meza, akaona kitambaa kinavyopotea, akasikitika. Akamwonea huruma na Mama Mkasi, aliyemwita dada, ambaye angerudi amechoka na kukuta kazi ikimsubiri. Akachomoa pini, akazigeuza nusu ya karatasi, zikabanana vizuri kabisa, akashika mkasi akakata. Wenzake walipofika kesho yake wakakuta vipande vimepangwa, wakaketi kushona. Hawakuuliza nani kakata. Nani mwingine? Chiriku naye alinyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akitaka dada yake aje kushtuka kwa furaha.

Jumapili ya kuyavaa, jua liliingia kwa madirisha ya juu kanisa zima likaona. Nusu ya waimbaji walikuwa wekundu wa kuiva, nusu wamepauka kama waliofuliwa wakasahauliwa kambani. Mzee mmoja wa besi alikuwa na mkono wa rangi hii na mkono wa rangi ile. Vijana wa nyuma wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mwalimu wa kwaya aligeuka kuwatazama watu wake, akasahau wimbo unaanzia wapi. Mama Mkasi alikuwa amerejea jana yake, amekaa kwenye benchi, na alijua palepale kilichotokea na aliyekifanya.

Kesho yake alimkuta Chiriku ameketi sakafuni kando ya meza, macho yamevimba.

"Dada, ni mimi," Chiriku alisema. "Nilitaka nikupunguzie kazi. Nilidhani ni kama pamba tu."

"Najua."

"Wakijua wananitoa. Kule kiwandani walinitoa hivihivi. Nitakwenda wapi tena mimi? Wewe hawatakugusa, dada. Wewe ni wewe."

Mama Mkasi alimtazama mwenzake na moyo ukamlainika. Alimkumbuka Bwana, jinsi walivyomsingizia mbele ya wakubwa naye asijibu kitu. Akawaza, kama Yeye alinyamaza kwa ajili ya watu waliokuwa wakimtemea mate, mimi nashindwaje kunyamaza kwa ajili ya mtu ninayekula naye bakuli moja? Akamwinua. "Basi, mdogo wangu. Kwangu halitatoka," alimwambia, wakaomba pamoja, na siku hiyo Chiriku aliomba kwa kifupi.

Mwenyekiti wa kina mama alipokuja kuuliza imekuwaje, Mama Mkasi alijibu kwamba limeshatokea, watafute namna ya kurekebisha. Hakusema uongo hata nusu. Mwenyekiti alimkazia macho, akasubiri maelezo, hayakuja. Akageukia cherehani ya Chiriku, na Chiriku alikuwa ameinama akihangaika na uzi kana kwamba hajawahi kuuona maishani.

Wiki za kwanza Chiriku alikuwa asali. Alimbebea mkoba, alimwekea minofu upande wake wa bakuli. Kisha, polepole, watu wakaanza mambo ya ajabu. Mwalimu wa kwaya akawa anamtamkia namba ya wimbo kwa sauti ya juu, kana kwamba macho na masikio ni kitu kimoja. Mama mmoja alimshika mkono kuvuka barabara isiyokuwa na gari wala baiskeli. Mwingine alimwinulia vidole viwili mbele ya uso akijifanya anapunga nzi. Mama Mkasi alicheka mwanzoni. Akadhani ni mzaha wa watu waliokosa kazi.

Mwenyekiti ndiye aliyemtoa gizani, kwa upole wote. Alimwita pembeni akamwambia asione aibu kwa macho kufifia, uzee ni wetu sote, na asimlaumu Chiriku kwa kusema. "Ametuambia kwa upendo," alisema. "Amekuwa akikutungia uzi kwenye sindano tangu mwaka jana, na ulimkataza asitueleze. Lakini mama, ungesema tu. Kitambaa kile kilikuwa cha jasho la watu."

Mama Mkasi alirudi chumbani akiyapima maneno hayo. Kosa alilolificha lilikuwa kosa, jambo la saa moja, la mtu kukurupuka. Hili la sindano lilitungwa. Mtu alikaa chini akalifikiria, akalitajia na mwaka, akaliongezea na katazo. Lisemwalo lipo, husema wahenga, na kama halipo laja. Hili halikuwepo wala halikuwa njiani, lilibebwa mgongoni na rafiki yake mwenyewe mpaka mlangoni kwa mwenyekiti.

Alimfuata Chiriku kwenye pasi. "Umewaambia nini kuhusu macho yangu?"

Chiriku hakuacha kupiga pasi. "Waliniuliza, dada. Kila siku walikuwa wananiuliza, na wewe umekaa kimya. Ningewaambia nini? Nilitafuta kitu kisichokuaibisha. Macho si dhambi."

"Yangu ni mazima."

"Wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Si yatosha?"

Kulikuwa na majibu mengi ya swali hilo, na msimuliaji angeyatoa yote, tena kwa kidole. Mama Mkasi hakutoa hata moja. Alikuwa ametoa neno lake kwamba halitatoka kwake, na kwake neno halikuwa na upande wa kugeuzia. Aliamini pia kwamba Bwana yuko njiani kumsemea, kama zamani. Ikawa ni kusubiri tu.

Wakati huo waumini walikuwa wamechangishana tena, kimenunuliwa kitambaa kingine kama kile, na lililobaki lilikuwa moja: nani atakata. Kina mama wangekaa kuamua katikati ya wiki. Mama Mkasi aliomba kwa ajili ya kikao hicho kuliko alivyowahi kuombea chakula. Hakuomba Chiriku aumbuke. Aliomba mkasi wake tu.

Jumapili kabla ya kikao, wakati wa shuhuda na maombi, Chiriku alisimama. Alikuwa amevaa vizuri, na leso mkononi. Akasema ana ombi zito, si lake, ni la dada yake, dada aliyempokea alipokuwa hana pa kwenda. Akaanza kulia. Akasema dada huyo anapoteza macho, kazi ya mikono yake inapotea naye anaona haya kusema, na yeye kama rafiki hawezi tena kubeba peke yake. Akaomba kanisa limbebe pamoja naye. Sitaki kumhukumu, lakini machozi yalikuwa ya kweli. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameanza kuyaamini macho yale mabovu kuliko wote.

Mchungaji, mtu mwema asiye na hila, alimwita Mama Mkasi mbele. Angekataaje? Alitoka kwenye benchi akipishwa njia na watu waliomshika kiwiko. Akapigishwa magoti. Mikono ikaja kichwani, mabegani, na kiganja cha mchungaji chenye joto kikamfunika macho. Kanisa zima likapaza sauti. Waliomba kwa bidii, hata wale waliomcheka mzee wa besi, na kati ya sauti zote alitambua moja iliyokuwa karibu na sikio lake la kushoto, sauti iliyokuwa ikimwombea kila siku baada ya chakula. Chini ya kile kiganja alilia. Waliokuwa karibu wakaona machozi yakipita katikati ya vidole vya mchungaji, wakaomba kwa nguvu zaidi.

Maombi yakaisha. Mchungaji akaondoa mkono, akauliza kwa upendo, "Mama, unaonaje sasa? Kuna nafuu?"

Hapo ndipo aliponaswa. Akisema nafuu ipo, muujiza umetokea, watu watashangilia, na pengine mkasi utarudi mkononi mwake. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini alikuwa amepiga magoti mbele ya madhabahu, na alikumbuka kwamba yule Bwana aliyenyamaza aliposingiziwa, alipoulizwa Yeye ni nani, alijibu, ijapokuwa jibu lenyewe lilimpeleka msalabani. Kunyamaza ni kitu kimoja. Kumshukuru Mungu kwa uponyaji ambao hakuufanya ni kitu kingine.

"Mchungaji," alisema, "macho yangu hayajawahi kuumwa."

Hakumtaja mtu. Hakugeuka hata shingo. Alifungua mlango mdogo tu, kwa makusudi, ili mwenye kupita apite. Mchungaji alichanganyikiwa, akamtazama Chiriku. Kanisa zima likamtazama Chiriku. Alikuwa na nafasi yote ya dunia, na rafiki yake bado amepiga magoti miguuni pake.

Chiriku alijifuta uso kwa leso. "Ndivyo alivyo, mchungaji," alisema taratibu. "Hakubali. Tuzidi kumwombea."

Na watu wakaguna kwa huruma, ule mguno wa matangani.

Alasiri ile Mama Mkasi alikaa kitandani kwake na nguo zake za ibada, viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza alimgombeza Mungu. Alimwambia nimenyamaza kama ulivyonyamaza Wewe, na Wewe umenyamaza kuliko mimi. Alimwambia shukrani ya punda ni mateke, sawa, lakini mbona punda huyu nilimleta mimi mwenyewe zizini? Alipoishiwa maneno alibaki na jambo moja lililomuuma kuliko yote. Halikuwa mkasi, wala aibu. Ni kwamba Chiriku alijua. Aliposimama na leso yake alijua kabisa kwamba dada yake hatasema, akaweka uzito wake wote hapo. Kimya alichompa kama zawadi, mwenzake alikifanya ngazi. Hakupata jibu siku hiyo. Ila alipovua viatu aliona kwamba kulipa kisasi hakutaki, na kudanganya hakutaki, na katikati ya hayo mawili palikuwa pembamba sana pa kusimama.

Kikao kilikaa, na kilimalizika mapema. Chiriku atakata. Mama Mkasi atapinda pindo na kufunga vifungo, kazi ya kukaa, wakasema, asijichoshe. Mwenyekiti mwenyewe aliuhamisha mkasi kutoka ndoano ya Mama Mkasi ukutani kwenda ya Chiriku.

Siku ya kukata, saa ya mapumziko wenzao walipotoka kwenda kula, Chiriku alibaki. Mahameli ilikuwa imetandazwa mezani, haijaguswa tangu asubuhi. Akaenda akafunga mlango kwa komeo, akarudi akiwa na mkasi, akaunyoosha kwa rafiki yake kwa upande wa mpini.

"Nikatie, dada. Naogopa kukiharibu tena. Hakuna atakayejua."

Mama Mkasi aliacha pindo, akaja mezani. Akaushika mkono wa Chiriku, akaupitisha juu ya kitambaa, kwenda chini, kurudi juu, mpaka Chiriku akahisi tofauti. Akamwambia karatasi zote zielekee huku, hata moja isigeuke, na akiogopa aweke alama ya chaki kila kichwa. Hayo alimpa bure, bila kinyongo cha sauti. Mkasi hakuupokea.

"Fungua mlango," alisema. "Ukifungua, nitakata vyote, wewe utanishikia kitambaa. Sitasema neno. Atakayeuliza kwa nini nakata mimi, utamjibu wewe."

Chiriku aliutazama mlango. Nje zilisikika sauti za kina mama wakiosha vyombo bombani na kutaniana. Alipiga hatua mbili kuuendea, na Mama Mkasi, Mungu anisamehe kusema hivi, alimwona yule mdogo wake wa zamani kwenye mabega yale, akatumaini. Alisubiri muda wa kumtosha mtu kutubu hata mara mbili.

"Umenisitiri mara moja, dada," Chiriku alisema bila kugeuka. "Ya pili inakushindaje?"

"Ya kwanza nilikusitiri wewe," alijibu. "Hii ningekuwa nasitiri uongo."

Alirudi kwenye kiti chake akaendelea na pindo. Chiriku alibaki amesimama kati ya meza na mlango mpaka wenzao walipogonga. Ndipo alipofungua, akajichekesha, akawaambia walikuwa wamefunga kwa sababu ya vumbi, lisije likamwingia Mama Mkasi machoni.

"Hakuna vumbi," Mama Mkasi alisema.

Mmoja wao alimshika bega, akamwambia, "Pole, mama," akamsogezea kiti karibu na dirisha ili apate mwanga.